Vumbi la Chaki Kwenye Injini

Kadi ya gari ilikuwa na jina la marehemu mume wangu, lakini gari lilikuwa la ukoo mzima. Nasema hivyo bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu. Mume wangu alipofariki alituachia, mimi na mama yake, nyumba ya matofali huku Matiri, mteremko wa kahawa, na gari dogo la kijivu la Kijapani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Singida. Barua ya uhamisho ndiyo iliyonileta huku, nikaolewa, nikabaki. Ndugu za mume wangu walinipokea vizuri na kunipenda. Gari walilipenda zaidi.

Halikuwahi kupumzika. Leo linampeleka mgonjwa Mbinga, kesho linamfuata bibi harusi Namswea, keshokutwa limebeba mbolea hadi linaburuza tumbo. Sikuweza kukataa, maana huku mtu hakatai gari mgonjwa akiwa amelala kwenye machela. Na hao walioliazima walikuwa watu wa adabu. Huku ukiazima sufuria ya mtu unairudisha imesuguliwa hadi inang'aa, na gari ni hivyo hivyo. Lilikuwa likipitishwa kijitoni kabla ya kurudishwa, linaoshwa juu na chini, boneti inafunguliwa na injini inasuguliwa kwa brashi na sabuni ya unga. Kisha aliyeliazima anapima oili. Akikuta imepungua anaongeza, anafuta kijiti cha kupimia, anafunga boneti na kunyamaza. Kumwambia mwenye gari kwamba gari lake linapoteza oili kungekuwa ni kumtangazia kwamba sufuria yake imetoboka.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nikipima, naikuta oili iko mahali pake. Nafungua boneti, naona injini safi kama imetoka dukani jana. Nikawa natamba mbele ya walimu wenzangu kwamba mume wangu alijua kuchagua gari. Ningekuwa na ukoo wa watu wasio na adabu ningeujua ukweli mapema sana.

Aliyenifumbua macho ni mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma pale Kitai. Nilikuwa natoka Songea peke yangu, nikasimama kununua. Nilipotaka kuondoka akagonga kioo.

"Mama, gari lako limekojoa."

Nilidhani ni maji. Nikashuka, nikainama. Palikuwa na doa jeusi chini, na tone lingine lilikuwa likining'inia palepale injini inapoungana na gia boksi. Taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya kibirika, haikuwa imewaka hata mara moja njia nzima. Nilipima oili. Kijiti kilitoka kikavu.

Fundi wangu pale Mbinga mjini ni mtu wa maneno mengi na majibu ya haraka. Alilala chini ya gari kwa muda wa kupiga chafya mbili, akatoka. "Sili ya nyuma ya krenki, Mwalimu. Hiyo naijua kama jina langu." Gia boksi ikashushwa, sili, kile kipira cha kuzuia oili, ikabadilishwa, gia boksi ikarudishwa. Nikapanda nalo milima hadi Matiri, na asubuhi nikakuta doa lilelile uani. Nikarudi. Akasema basi ni gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikabadilishwa. Doa likarudi. Akasema ni gasketi ya kava la juu, oili inashuka kwa nyuma na kutudanganya. Ikabadilishwa nayo. Kila mara alikuwa akiliwasha pale gereji, anaweka boksi la katoni chini, tunangoja huku injini ikiunguruma taratibu, kisha anaivuta ile katoni na kunionesha kama mtu anayeonesha karata. Kavu. Tukikuta kavu mimi nalipa, naondoka, nafika nyumbani, linavuja.

Hata mahali pa doa hatukuweza kukubaliana. Uani kwetu ni mteremko, kama kila mahali Matiri. Mimi naegesha gari likitazama juu, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, huegesha likitazama chini. Kwa hiyo oili ilikuwa ikitambaa nyuma au mbele kufuatana na nani aliendesha jana, na fundi akiuliza doa liko wapi anapewa jibu tofauti na lile la juzi. Na kabla sijapata nafasi ya kuchunguza mwenyewe, mtu ameshaliazima, ameliosha na kulijaza oili.

Ndipo nilipolifunga gari. Nilitangaza baada ya misa, pale nje ya kanisa, kwamba gari haliazimwi wala halioshwi mpaka nijue linavujia wapi. Watu waliitikia kwa upole, na upole wa watu wa huku unauma kuliko matusi. Nikasikia pembeni kwamba mwalimu ameanza kuwa na gari lake peke yake sasa mwenye mji hayupo. Nikameza. Nilijua injini ikikosa oili mlimani itanoki, ife kabisa, na ikishanoki hakuna mtu ukooni wa kutununulia nyingine.

Wiki hiyohiyo ndipo dada yake mama mkwe alipozidiwa.

Mama mkwe wangu si mtu wa milimani kwa kuzaliwa. Alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Mbamba Bay, akaletwa huku juu akiwa msichana kuolewa na mkulima wa kahawa. Mimi anaongea nami Kiswahili, wanawe Kimatengo. Kinyasa alikuwa amebaki nacho kwa mtu mmoja tu duniani, dada yake mkubwa, kwa simu, kila jioni baada ya chakula. Wakiongea hivyo mama alikuwa akicheka kicheko ambacho sisi wengine hakutupa. Halafu jioni moja simu ilipokelewa na binti wa yule dada. Akasema mama yake hali chakula tena wala hasemi sana, ila anamwita mdogo wake.

"Mwanangu," mama akaniambia, "nipeleke nikamwone angali ana macho."

Nikamjibu kwamba gari likifia kwenye milima ile ya kuteremkia ziwani tutakaa barabarani, naye na miguu yake ile. Miguu yake ilikuwa imevimba muda mrefu, na nyonga iliwahi kuvunjika ikaunga vibaya. Kukaa wanne kwenye kiti cha Noah ya abiria hakuweza, hata kufika Mbinga mjini tu. Shemeji akasema tukodi gari zima, alale kiti cha nyuma. Mama akakataa kabisa. Alisema aliondoka kwao akiwa ameketi mbele kwenye lori la kahawa la mume wake, kila mtu akiona, na hatarudi kwao kwenye gari la kukodi kama mzigo wa dagaa wakati mwanawe ameacha gari uani. Nilimwona mkaidi, nikamwambia hivyo. Naye akaniambia mimi ni mkaidi zaidi, na akakaa kunisubiri.

Nililiendesha gari hadi kwa fundi asubuhi yake nikamwambia sitaki gasketi nyingine. Nataka kuona kwa macho yangu inatoka wapi. Akakuna kichwa, safari hii bila jibu la haraka. Akasema kuna njia ya zamani: unaisafisha injini hadi ikauke kabisa, unainyunyizia unga wa sembe kila mahali, kisha unakwenda nalo mlimani likiwa limebeba uzito. Pale gereji haliwezi kuvuja kwa sababu halifanyi kazi. Likishapanda, unga utaloa mahali pamoja kabla ya pengine popote, na hapo ndipo.

Nilirudi nyumbani kuchukua unga. Mama akanikuta nachota kwenye debe.

"Wa nini?"

Nikamweleza.

"Chakula hakipakwi kwenye chuma," akasema, na akaninyang'anya kikombe. "Watu wanalala njaa mwezi huu. Tafuta kitu kingine."

Sikubishana. Nilikwenda shuleni nikakusanya vipande vya chaki vilivyobaki darasani, vile vifupi visivyoshikika, nikavitwanga kwenye kinu hadi vikawa vumbi laini. Nikapeleka Mbinga mfuko mzima. Fundi aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa upepo wa kujazia matairi, kisha tukaipaka chaki pande zote hadi ikawa nyeupe, sisi wenyewe tukiwa weupe hadi kwenye nyusi. Akacheka, akasema tumeifanyia kipaimara. Akaniagiza nipande nalo hadi nyumbani kwa gia ndogo, nilikanyage bila huruma, kisha niliache hivyohivyo lipoe, mtu yeyote asiliguse, nifungue boneti asubuhi kukiwa na mwanga.

Nilifanya hivyo hasa. Nilililiza gari ile milima yote. Nilipofika uani giza lilikuwa linaingia. Nikamwambia mama kwamba kesho asubuhi nitajua, na nikijua nitalitengeneza mchana, na likitengenezwa tutashuka ziwani. Akatikisa kichwa kukubali. Akaanza kukunja vitenge vyake.

Nilichosahau ni shemeji. Hakuwa nyumbani jioni ile, alirudi baadaye akakuta mama yake anafunga begi. Akamwuliza, mama akamjibu tunashuka kwa dada, naye akadhani gari limeshapona. Shemeji ni mtu wa moyo safi, na kwa wajomba mtu hafiki hivi hivi. Alfajiri, kabla sijaamka, alichukua funguo msumarini, akalitoa gari gia huru bila kuliwasha asije akatuamsha, likateremka lenyewe hadi kijitoni. Huko akakuta limepakwa vumbi jeupe juu hadi chini. Akavua shati na kuanza kazi.

Nilimkuta analirudisha uani, linang'aa. Alikuwa amesugua hata pale fundi hafiki. Oili alikuwa ameijaza hadi kwenye alama.

"Shemeji," akaniambia akitabasamu, "huwezi kwenda kwa wajomba zangu na gari limejaa unga kama mashine ya kusaga."

Nilipiga kelele. Sikumbuki maneno yote, na yale ninayoyakumbuka mwalimu hayaandiki. Nilimwita mjinga mbele ya watoto wake. Nilimwambia kwamba ustaarabu wao ndio ulioliua gari la kaka yake, kwamba wamekuwa wakilifuta damu badala ya kumwambia mtu limejeruhiwa. Alisimama na ndoo yake mkononi, maji yakimchuruzika suruali.

"Nilitaka mama ashuke kwa heshima," akasema.

Mama alikuwa mlangoni amesikia yote. Alikuwa amevaa tayari, kitambaa kichwani, begi miguuni. Akaniuliza kama tunakwenda au hatuendi. Nikamwambia si sasa, mama, nipe leo. Akaingia ndani akaketi kitandani na nguo zake za safari, hakuzivua.

Njiani kwenda Mbinga nililia kwa hasira, na hasira ile haikuwa ya shemeji tu. Ilikuwa ya gari, ya mume wangu kufa, ya nyonga ya mama, ya ile katoni kavu. Fundi aliponiona hakutania. Tukarudia kila kitu, mafuta ya taa, upepo, chaki. Nilikuwa nimebakiza nusu ya mfuko. Safari hii akasema nisirudi Matiri, twende wote juu kwenye lami ya kwenda Mbamba Bay, tukilipandisha mlima tusimame palepale tulifungue lingali moto. Akapakia mawe na betri mbovu kwenye buti ili liwe zito.

Tulipanda. Fundi aliweka sikio karibu na dashibodi kama anasikiliza redio. Kwenye mwinuko mkali akasema simama, nikasimama kando ya barabara, tukaweka jiwe nyuma ya tairi na kufungua boneti.

Injini yote ilikuwa nyeupe. Nyuma yake, upande usioonekana mpaka uinamishe kichwa kabisa, palikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba. Ulianzia kwenye kitu kidogo kama kidole gumba, chenye waya mmoja kichwani, ukashuka kwa nyuma ya injini, ukafuata ule muunganiko hadi chini kwenye gia boksi. Ilikuwa ni swichi ya oili. Ndiyo ileile inayotakiwa kuwasha taa ya kibirika oili ikikosekana. Ilikuwa imepasuka katikati, na injini ikifanya kazi nzito oili ilisukumwa ipitie humo. Ikiwa imetulia gereji, hapatoki hata tone. Na kwa kuwa imekufa, taa haikuweza kutuambia lolote.

Fundi alianza kucheka, nami nikacheka. Tuliegemea gari tukacheka kama wendawazimu, malori yakipita. Alisema swichi kama ile anayo kwenye gari bovu kule gereji, kuifunga ni kazi ya muda wa kunywa chai. Nilifurahi. Nataka kuliandika hilo, kwamba pale kando ya barabara nilikuwa na furaha kweli. Tungeendelea mbele kidogo tungeanza kuliona ziwa.

Simu yangu ililia nikaiacha, mikono ilikuwa na oili. Ikalia tena. Alikuwa shemeji.

"Mama mkubwa ametutoka," akasema. "Sasa hivi."

Swichi ilifungwa jioni ileile. Asubuhi tuliteremka ziwani, mama ameketi mbele, shemeji nyuma. Gari halikudondosha hata tone. Kwenye zile kona za kushuka nilikuwa nikitazama taa ya kibirika, inawaka nikiwasha na kuzimika inavyotakiwa, na nilikuwa natamani kuipiga ngumi. Nilikuwa sahihi. Bila kulitengeneza pengine tungekwama mlimani, mama angelala barabarani. Bado nasema nilikuwa sahihi, na sijui niende nao wapi usahihi huo. Ziwa lilipotokea chini yetu, samawati yote ile, mama aligeuza uso akatazama upande wa mlima.

Tulimzika mchana. Ndugu wa ufukweni walilia kwa Kinyasa na mama akalia nao, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mgeni kwangu kabisa. Baada ya maziko watu walipopungua, yule binti wa marehemu akatuletea maji ya kunawa na ugali na samaki, akaketi nasi nyumbani kwao. Akaanza kusimulia, kama wafiwa wanavyosimulia, jinsi siku ya mwisho ilivyokwenda.

"Jana alfajiri kaka alitupigia," akasema, akimtazama shemeji. "Alituambia yuko mtoni anaosha gari, mnakuja. Tukamwambia mama. Si alikuwa hasemi? Akasema. Akaomba tumwogeshe, tumvalishe kile kitenge kipya. Akasema mdogo wake asimkute kitandani. Tukambeba tukamkalisha pale mlangoni, kwenye mkeka. Jua lilipompata tulitaka kumrudisha ndani, akakataa. Kila gari likipita anauliza, ndio wao? Tunamwambia bado, mama, wako njiani."

Shemeji aliweka tonge lake sahanini. Alitoka nje kwa mlango wa nyuma, na nikamsikia akilia kule uani.

Mama mkwe wangu hakulia. Alinyoosha mkono nimsaidie kuinuka, nikamwinua. Akajikokota hadi mlangoni, mkeka ulikuwa bado upo pale, akaomba nimshushe. Kumkalisha chini na nyonga ile ni kazi, ilituchukua muda. Aliponyoosha miguu yake akainua kichwa. Mbele yake barabara ilikuwa ikishuka kutoka mlimani, kona moja baada ya nyingine, hadi kwenye daraja dogo na mwembe wa jirani ambapo gari letu lilikuwa limesimama.

"Kumbe hapa barabara inaonekana yote," akasema.

Nikakaa chini kando yake. Gari fulani lilikuwa limetokea kwenye kona ya juu, na mama alilifuata kwa macho mpaka likatupita.